Chombo cha mbao kimetoka majini: yafuate maji kabla ya kushika patasi

Chombo kikishatolewa majini na kutulia juu ya magogo, usikimbilie kukiosha. Chukua chaki, ukizunguke kikiwa bado kinachuruzika. Sehemu kubwa ya ubavu itakauka ndani ya saa chache, lakini kuna mahali patakapobaki na unyevu: mstari mmoja wa maungio ya mbao, kichwa cha msumari, kona ya hanamu, ile boriti ya mbele inayokata maji. Kila panapogoma kukauka, chora duara. Kesho yake dalili hizo hazionekani tena. Utakuta chombo kikavu kinachoonekana kizima, nawe umebaki kukisia.

Nasisitiza hili kwa sababu matengenezo mengi ya mwisho wa msimu huharibikia hapa. Mtu anaona rangi imebanduka, anapiga msasa, anapaka upya, anafunika turubai na kwenda zake. Msimu unaofuata rangi imebanduka palepale, na safari hii ubao wenyewe umelainika. Alipopashughulikia ni pale maji yanapotokea. Yanakoingilia ni kwingine, pengine mita nzima juu yake. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, swali la kwanza ni lile lile: maji haya yameingilia wapi, na ni ya chumvi au ya mvua?

Tofauti ya chumvi na mvua ina uzito mkubwa. Kuvu inayoozesha mbao inahitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ndani ya ubao, pamoja na hewa na joto la wastani. Chumvi ya bahari huizuia; maji ya mvua huilisha. Ndiyo maana chombo cha baharini mara nyingi huanza kuoza juu kikishuka chini: sitaha (sakafu ya juu), kona za tezi (nyuma ya chombo), vichwa vya mataruma (mihimili ya ndani inayoshikilia mbao), huku mbao za chini zilizolowa maji ya bahari miaka nenda miaka rudi zikiwa bado ngumu.

Maji yanajaa ngamani, tumbo la chini la chombo

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na mengi utayajua kwa kukumbuka chombo kilivyokuwa kikivuja, kabla hata ya kugusa ubao.

Kama kilivuja siku za kwanza baada ya kushuliwa, kisha kikanyamaza, hicho hakina ugonjwa. Mbao zilikuwa zimekauka, zikanywa maji, zikavimba na kubanana. Usiguse kitu.

Kama kilivuja mfululizo hata kikiwa kimetulia nangani, tafuta chini ya mstari wa maji: ungio la ubao wa kwanza kando ya mkuku (boriti ya chini iliyo uti wa mgongo wa chombo), mahali vichwa vya mbao vinapoingia kwenye hanamu na fashini (boriti ya wima ya nyuma), matundu ya mabomba yanayopita ubavuni, bolti za mkuku.

Kama kilivuja kikiwa kinasafiri tu, uliza kililalia upande gani. Maji yakiingia upande wa demani peke yake, yaani ule uliolalia maji, shuku maungio ya juu ambayo jua limeyakausha msimu mzima. Kwa kawaida hayagusi maji, yanazama pale chombo kinapolala. Lakini maji yakiingia pande zote mbili upepo unapokaza, angalia mlingoti. Mlingoti unasukuma mkuku chini kwa nguvu, wakati nyaya zinazoushikilia zinavuta mbavu kwenda juu. Nguvu hizo mbili zinakutana kwenye ubao wa kwanza kando ya mkuku, nao ndio unaofunguka na kufunga kama mdomo. Kuujaza kalafati, yaani pamba inayogongelewa kwenye maungio, bila kukagua misumari na mataruma ya hapo ni kupoteza siku.

Kama kilivuja baada ya mvua tu, sababu iko juu. Chovya kidole kwenye tone linaloning'inia chini ya sitaha, uonje. Onja tone lenyewe. Maji ya ngamani yana mafuta na uchafu, na yamekwisha kuchanganyika. Tone lisilo na chumvi limetoka sitahani, na adui huyo ndiye wa kuogopwa zaidi hata kama kiasi chake hakijazi kikombe.

Kwa uvujaji usioeleweka, kuna kazi ndogo ya kufanya wiki ya mwisho kabla ya kukipandisha: kausha ngama vizuri, nyunyiza unga wa chaki, ukiache chombo kielee kimya saa chache. Maji yakipenya yanachora njia yake kwenye unga, na njia hiyo ukiifuata kinyume inakufikisha mlangoni.

Sasa, chombo kiko nchi kavu na maungio yamepanuka. Je, yameharibika au yamekauka tu? Mbao hazirefuki wala kufupika kwa kiasi cha kutajika, ila upana wake hubadilika sana. Ubao wa upana wa sentimita 15 unaweza kupungua milimita 2 hadi 4 ukikauka vizuri, kutegemea aina ya mti na jinsi ulivyopasuliwa. Mwanya wa namna hiyo utajifunga wenyewe majini. Ingiza ncha ya kisu kisicho kikali. Pamba nzima inakataa, inarudisha kisu, nyuzi zake zinaonekana. Pamba iliyokufa inatoka nyeusi, laini kama uji, na inanuka. Toa iliyokufa tu, usiguse nzima. Weka mpya, igonge ikae imara bila kuikomoa, ipake rangi ya kwanza ili ishikamane, kisha malizia kwa puti laini ikiwa chini kidogo ya uso wa ubao.

Neno laini nimelitaja kwa makusudi. Mwaka wa pili wa kutunza mashua yangu nilikuta maungio yamepanuka mpaka sarafu inaingia, nikayajaza epoksi, gundi ya kemikali inayokauka ngumu. Ilipendeza kweli kweli. Tulipoishusha, mbao zilivimba, zikakuta hakuna pa kwenda. Usiku wa pili nilikuwa nimelala ndani nikasikia mlio mkavu, kama kijiti kinachovunjwa gotini. Asubuhi nilihesabu mataruma matatu yaliyopasuka pale ubavu unapokunja kuingia ngamani. Yale yalikuwa mataruma mazuri, yenye umri kunizidi, na niliyavunja mimi kwa kutaka mwanya usionekane.

Kalafati inayotoka kila mwaka mahali palepale haina kosa. Ubao unatikisika: ama misumari imekwisha, ama taruma lililo nyuma yake limevunjika. Ukizidi kugongelea pamba hapo utausukuma ubao utoke kabisa kwenye mataruma. Na kama mbao za chombo chako zinapandiana kama magamba ya samaki, usitie kalafati kati yake hata kidogo. Utakuwa unaingiza kabari. Hizo hukazwa kwa kurudishia misumari yake.

Michirizi ya kutu na vichwa vya misumari vinavyochomoza

Mchirizi mwekundu chini ya kichwa cha msumari unasema chuma kinaliwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hutanua tundu, hupasua puti na kukisukuma kichwa nje. Mbao zenye tanini, mwaloni ukiwa mfano mkubwa, hugeuka nyeusi kuzunguka chuma na kulainika, na hapo tundu halishiki tena. Msumari mnene zaidi ndani ya tundu hilo hilo utashika msimu mmoja tu. Ama piga mpya pembeni kwenye mbao nzima, ama zibua tundu, zibaki mbao safi, gundisha kijiti cha mbao, kisha toboa upya.

Usihukumu kwa vichwa peke yake. Chomoa misumari au skrubu mbili tatu kutoka sehemu tofauti, mojawapo ikiwa karibu na mkuku. Skrubu nyingi huonekana nzima kichwani na kwenye ncha, kumbe katikati, pale ubao unapokutana na taruma, zimebaki nyembamba kama sindano.

Skrubu ya shaba ya njano ina ugonjwa wake. Shaba hiyo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na maji ya chumvi hunyonya ile zinki. Ikwangue kwa kisu: ukiona rangi ya waridi badala ya njano, na ikivunjika kama biskuti, haina nguvu tena. Chini ya maji tumia bronzi ya silikoni au shaba nyekundu. Chuma kisichoshika kutu nacho si salama kama jina linavyoahidi. Kikifungiwa ndani ya mbao iliyolowa, pasipo hewa, huliwa kwa vishimo vidogo vya ndani huku nje kinang'aa.

Metali tofauti zikikaa pamoja katika maji ya chumvi, moja huila nyingine. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilijifunza hili kwa meli ya HMS Alarm, iliyofunikwa mabamba ya shaba mwaka 1761 ili kuzuia minyoo ya baharini. Ilipokaguliwa baadaye, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya, lakini palipobaki karatasi kati ya metali hizo mbili chuma kilisalimika. Kwa hiyo ukikuta bolti ya chuma imefungwa juu ya kipande cha bronzi, usiangalie bolti peke yake. Uliza nani aliwakutanisha.

Vipande vya zinki vinavyowekwa ili viliwe badala ya metali nyingine vinasaidia, ila vikizidi vinadhuru. Ukiona ungaunga mweupe na nyuzi za mbao zilizolainika kama pamba kuzunguka kifaa cha bronzi, hiyo ni magadi inayozalishwa na ulinzi uliopitiliza, nayo hula mbao. Osha kwa maji mengi, punguza zinki, na ukate waya zinazounganisha vifaa ambavyo havikuhitaji kuunganishwa.

Ubao unaosikika mfu

Pita na nyundo ndogo ya plastiki au mpini wa bisibisi, ukigonga kila kiganja kimoja. Mbao nzima inalia kwa sauti kavu na nyundo inaruka mkononi. Mbao iliyooza inanyamaza. Sikio litajifunza ndani ya dakika kumi, mradi uanzie mahali unapojua ni pazima. Tahadhari: puti nene, mbao iliyolowa sana au sehemu isiyo na taruma nyuma yake hubadilisha sauti pia, kwa hiyo sauti ni ya kukuonyesha pa kuchunguza, si hukumu.

Hukumu inatolewa na ncha kali. Choma msharasi ndani kidogo kufuata urefu wa nyuzi, kisha inua. Mbao hai inatoa kibanzi kirefu chenye ncha, na inapasuka kwa kelele. Iliyooza inakatika fupi, kimya, kama mkate wa juzi. Fanya hivyo kwa kiasi, kwa sababu kila tundu uliloacha wazi ni mlango mpya wa maji.

Anzia pale maji ya mvua yanapotuama: chini ya vifaa vilivyofungwa sitahani, nyuma ya hanamu, kona za tezi, vichwa vya boriti za sitaha, kitako cha mlingoti, na kuzunguka vyuma vinavyoshikilia nyaya ubavuni. Vichwa vya mbao hunywa maji haraka kuliko pande zake, kwa hiyo uozo hupenda kuanzia pale ubao unapoishia.

Ukiupata, usiumwagie epoksi nyembamba kwa matumaini. Epoksi haiingii kwenye mbao iliyolowa. Inafunga uso na kuacha unyevu ndani, na kuvu inaendelea kula gizani. Kata mpaka ufikie mbao nzima, kisha endelea kidogo mbele, maana nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya uharibifu unaoonekana. Kausha. Chumvi za boroni zinaweza kupakwa kwenye mbao iliyobaki ili kuua kilichosalia, ila maji huziyeyusha, kwa hiyo lazima zifunikwe kwa rangi. Halafu unga kipande kipya. Na kabla ya yote hayo, ziba mahali mvua ilipoingilia, la sivyo unailisha kuvu mbao mpya.

Vitundu vidogo chini ya mstari wa maji

Tundu la ukubwa wa ncha ya kalamu chini ya mkuku au kwenye usukani linaweza kuwa la Teredo. Watu humwita mnyoo, lakini ni jamaa ya chaza: huingia akiwa mdogo mno, kisha hukua ndani akichimba handaki kufuata mbao. Kwa nje huoni kitu. Ndani pamekuwa sega la nyuki. Piga nyundo, ingiza waya laini upime urefu. Kukaa nchi kavu wiki kadhaa kunamuua, lakini mbao alizokula hazirudi. Kisha tafuta jinsi alivyoingia: karibu kila mara ni palipokwanguka rangi ya kuzuia viumbe, hasa chini ya mkuku pale chombo kinapokalia magogo na brashi haifiki. Sogeza magogo, upake na hapo.

Mlingoti una ufa

Uelekeo wa ufa ndio wenye maana. Ufa unaofuata urefu wa mlingoti wa mti mmoja ni kawaida ya mti kukauka, na kwa kawaida haupunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha. Usiujaze kitu kigumu, kwa sababu mti ukivimba kitaupanua. Weka kitu laini kinachozuia maji. Ufa unaokata upande kwa upande ni habari nyingine. Mara nyingi si ufa wa wazi, ni mstari mwembamba wenye mawimbi, kama mkunjo wa ngozi, unaoonekana taa ikimulikwa kwa ubavu. Hapo nyuzi zimebanwa mpaka zikavunjika. Mlingoti huo usitweke tanga mpaka fundi auone.

Ule uliogundishwa kwa vipande, kagua mistari ya gundi ukiwa umeulaza. Vua vyuma vyote, uangalie chini yake. Weusi kuzunguka tundu la skrubu unaonyesha maji yamekaa hapo msimu mzima. Tazama pia tundu la kapi ya henza (kamba ya kupandishia tanga) juu, mahali pasipofikiwa na mtu mwaka mzima, na kitako cha chini kinachosimama majini.

Nyaya: pitisha kitambaa cha pamba. Kikinasa, uzi umekatika. Waya wenye uzi mmoja uliokatika mwishoni, pale unapoingia kwenye kishikizo, unabadilishwa, hautengenezwi.

Vanishi imebabuka, au ina madoa

Vanishi inayobanduka kwa ngozi kubwa imepoteza mshiko kutoka chini: iliwekwa juu ya mbao yenye unyevu, au maji yamepenya kupitia kichwa cha ubao. Iliyopauka na kupasuka vidogo vidogo imechomwa na miale ya urujuanimno, na hiyo ukiiwahi inaokolewa kwa msasa na matabaka mawili. Doa jeusi ni maji yaliyofika kwenye mbao, pengine pamoja na chuma. Asidi ya oksaliki hulififisha. Vaa glavu na miwani, suuza sana, subiri pakauke kabisa. Ukifika kwenye mbao tupu, tabaka la kwanza liwe jepesi ili lizame, kisha sita au zaidi juu yake.

Matanga na kamba

Suuza kwa maji yasiyo na chumvi na uanike kivulini. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kualika ukungu. Kwenye matanga ya poliesta mshono hufa kabla ya kitambaa, kwa kuwa uzi umekaa juu juani. Ukwaruze kwa ukucha: ukikatika, peleka tanga lishonwe upya sasa, mafundi wakiwa na nafasi. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isiguse nailoni.

Kukilaza chombo

Uzito wote ukae juu ya mkuku, na mkuku upate magogo mengi kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi. Magadi ya pembeni, yaani nguzo za kuegemeza, ni ya kuzuia chombo kisianguke, hayabebi. Yakikazwa sana hubonyeza mbao ndani. Yaweke penye mataruma. Vuta uzi kutoka hanamu hadi fashini kando ya mkuku, upime nafasi katikati, uandike. Mwakani ukikuta kipimo kimebadilika, ncha zimelegea na magogo yalikaa vibaya.

Inua omo kidogo ili maji yatiririkie nyuma, kisha chomoa nguruzi, kile kizibo cha tundu la chini, ukifunge kwa kamba kwenye kana (mkono wa usukani) ili mtu asishue chombo bila kizibo hicho. Inua mbao za sakafu, fungua makabati yote. Turubai likae juu ya fremu, wazi omo na tezi ili upepo upite. Nailoni iliyofungwa pande zote ni chungu cha kupikia kuvu. Kama msimu wako unaishia kwenye baridi ya barafu, toa maji kwenye kila bomba na pampu. Kama unaishia kwenye jua kali, tatizo ni kukauka kupita kiasi: kinga ubavu wa jua, na uweke magunia yaliyoloweshwa maji ya chumvi kando ya mkuku kwa ndani.

Rudi baada ya wiki tatu na kipimo cha unyevu, au kiganja chako tu, ukapite kwenye maduara ya chaki. Yaliyokauka sawa na majirani zake yaachwe. Linalobaki na unyevu wakati pembeni kumekauka lina maji yanayoendelea kuingia, na kwa kuwa chombo kiko nchi kavu, yanatoka juu. Panda sitahani ukiwa na ndoo, mwaga maji taratibu juu ya kifaa kimoja baada ya kingine, na mwenzako akae ndani na taa.